Sheng ya Mwalimu Lin Lazima Iwe Yangu

Ijumaa, 26 Agosti 2016. Suwaidi, Riyadh.

Nimeamua. Sheng ya Mwalimu Lin itakuwa yangu. Si ya Maryann. Yangu!

Habari yenyewe ni hii. Mwalimu Lin alikuwa jirani yetu, mlango unaotazamana na wetu, mpaka mumewe alipohamishiwa Jeddah mwezi huu. Mume ni injinia. Mwalimu ni mwalimu tu. Huko kwao Uchina alifundisha watu kupiga sheng mpaka akastaafu. Huku hakuwa na wa kumfundisha. Mama ni nesi na alikuwa akimdunga sindano za mgongo, basi kwa shukrani akatufundisha sisi: mimi wa ghorofa ya pili na Maryann wa ghorofa ya nne. Leo amepiga simu. Mwisho wa Septemba anarudi kwao kabisa. Sheng haendi nayo, anazo nyingine nyumbani. Anasema ala isiyopuliziwa hufa, na hii imeshazoea pumzi zetu. Tukienda Jeddah baada ya Idi atatusikiliza sote wawili. Wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Atakayemridhisha ataondoka nayo.

Atakayemridhisha! Na mshindani ni Maryann!

Ndiyo, inaitwa sheng. Baba alipoisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini, akasema mwanawe amevuka bahari kuja kusomea maneno ya makanga. Mzaha huo umeisha utamu zamani ila yeye hajaambiwa. Ni bakuli dogo la shaba lenye mdomo wa kupulizia, na juu yake mianzi imesimama kwa duara, mirefu kwa mifupi, kama ukoo uliojipanga kupigwa picha. Chini ya kila mwanzi kuna kibati chembamba kilichoshikizwa kwa nta. Ukiziba tundu la mwanzi, unaimba. Ukiliacha wazi, unanyamaza. Kinyume kabisa cha filimbi. Maryann alielewa siku ya kwanza. Mimi nilielewa karibu na Pasaka.

Lakini lipo jambo ninalolipenda ambalo sijamwambia mtu. Sheng huimba ukipuliza, na huimba ukivuta. Hakuna pumzi inayopotea. Sasa mimi ni mtu wa kuvuta pumzi. Nikiulizwa swali darasani, navuta. Mgeni akinisalimu, navuta. Nasoma kwa Kiingereza na Kiarabu, na nanyamaza kwa zote mbili kwa ufasaha. Kisha mtu akanipa kitu ambacho hata ukishtuka kinatoa muziki. Halafu nikiache kiende kwa msichana anayesalimia mpaka lifti?

Sikubali.

Jumapili, 28 Agosti.

Mpango wa kwanza. Sheng inalala kwetu, maana Mwalimu alimkabidhi Mama. Maryann hushuka kila alasiri kufanya mazoezi. Asipofanya mazoezi, hatajua wimbo. Asipojua wimbo, sheng ni yangu. Hata Baba angeweza kulifikiria hili.

Nilimkuta mlangoni nikamwambia sheng inaumwa. Nikavaa ule uso wa Mama anapotoa habari mbaya kliniki. Nikasema imeingiwa na unyevu, haifai kuguswa, labda mpaka baada ya Idi. Kusema kweli maneno yote niliviambia viatu vyake, lakini ujumbe ulifika. Akashika mdomo. Akauliza kama inaumwa sana. Nikasema sana. Akapanda ngazi mbio. Nikajipongeza kwa glasi ya maziwa baridi ya labani.

Labani haijaisha, amerudi. Amepita kila nyumba ya jengo hili, kwa Wasudani, kwa Wamisri, kwa yule Mfilipino asiyemfungulia mtu, akaomba zile pakiti ndogo za kukausha unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Mfuko mzima! Watu walimpa! Mimi nimeishi hapa tangu nikiwa darasa la nne na sijui Mfilipino ana sura gani.

Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Maryann akamweleza, machozi karibu. Mama akafungua kasha, akaitazama sheng. Akanitazama mimi. Akasema yeye haoni dalili yoyote, ila kwa kuwa mgonjwa amepata mgeni, basi apuliziwe kidogo. Maryann akapuliza mpaka magharibi. Vizuri mno. Inaudhi.

Pakiti zimebaki kwetu. Mama anamsifu Maryann kila anapoziona.

Jumatano, 31 Agosti.

Mpango wa pili: kama siwezi kumzuia, nitamzidi. Mazoezi ya siri. Bafuni, maana ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii yenye ufunguo.

Nilifuata taratibu zote. Nikaipasha kwanza kwa viganja, kwa sababu eisi, kile kiyoyozi, hufanya vibati kuwa baridi na pumzi ikigusa baridi hugeuka maji. Nikaanza "Vumbi la Saa Kumi". Ndio wimbo wenyewe. Mwalimu aliutunga hapa hapa Riyadh, siku dhoruba ya mchanga ilipotufungia ndani. Mwanzoni unanong'ona chini ya mlango. Katikati unafunika kila kitu. Mwishoni mtu anapangusa meza. Mimi hupotelea katikati.

Kumbe lile tundu la hewa la bafuni ni njia moja kwa jengo zima. Sikujua! Wa kwanza kubisha alikuwa haris, mlinzi wetu, ameshika spana. Amesikia kompresa inakata roho. Akafuata Mama Maryann kwenye simu, kumuuliza Mama kama tumeshanunua mbuzi wa sikukuu, na kama tumemnunua, kwa nini tunamfungia bafuni. Mama akasema si mbuzi, ni Ivy. Mama Maryann akasema pole.

Na bado. Nilipokosea pale katikati, sauti ikashuka kutoka ghorofa ya nne kupitia tundu lile lile. Maryann! Ananiimbia sehemu niliyokosea. Taratibu, kama anafundisha chekechea. Nikakosea tena. Akaimba tena. Nikafungua bomba la maji nisimsikie. Akaongeza sauti.

Nimeendelea mpaka midomo ikafa ganzi. Ile sehemu ya katikati nimeipata. Si kwa msaada wake. Ningeipata tu.

Jumamosi, 3 Septemba.

Leo umeme ulikatika mchana. Eisi zote za mtaa zikanyamaza kwa pamoja na Suwaidi ikawa kama mtu aliyeacha kukoroma. Baba alikuwa barabarani na gari la bosi wake. Mama zamu. Mimi peke yangu na sheng, jasho linatiririka.

Nikapiga wimbo wote. Wote! Bila kusimama!

Sijui kama naweza kulieleza. Ukiziba matundu kadhaa kwa mara moja hazitoki sauti zinazopigania mlango. Zinatoka kama watu wa nyumba moja waliokubaliana jambo. Unapuliza, zinakubaliana. Unavuta, bado zinakubaliana. Bakuli linatetemeka kwenye viganja kama paka aliyeshiba. Ilipofika sehemu ya kupangusa meza nilikuwa nalia kidogo, lakini kulikuwa na joto, inawezekana ni jasho.

Nikageuka. Mama amesimama mlangoni na begi lake la kazini. Amesikia mwisho. Akaniomba nirudie ili asikie mwanzo.

Vidole vikafa. Vyote. Nikamwomba ageuke. Akageuka, lakini niliweza kuona sikio lake linanitazama. Nikamwomba atoke nje. Akatoka. Nikaanza tena, nikagundua kalenda ya kliniki ina picha ya mtoto anayecheka, naye ananitazama. Nikaigeuza ukutani. Mama akachungulia kuuliza kama nimemaliza. Basi. Halas.

Kwa hiyo tatizo si wimbo. Wimbo naujua. Tatizo ni macho ya watu. Na Jeddah yatakuwepo mengi: ya Mwalimu, ya Shangazi Selipher tutakayefikia kwake, ya Baba na Mama, ya Mama Maryann, ya Maryann mwenyewe. Wengine wangesema nijizoeze polepole kupiga mbele za watu. Wengine hawana akili ya mipango.

Jumanne, 6 Septemba.

Nimepata! Mimi ni hatari!

Kwenye simu yangu nina rekodi ya Mwalimu Lin mwenyewe akipiga "Vumbi la Saa Kumi". Niliirekodi Aprili, wakati wa somo, ili nikajifunzie. Sauti safi kabisa. Na nyumba ya Shangazi Selipher kule Bani Malik ina pazia zito linalokata sebule katikati, kwa sababu nusu ya pili hulala wapangaji wake. Nitaingia nyuma ya pazia na sheng. Watakaa mbele. Nitabonyeza simu. Watasikia.

Na wakiuliza kwa nini nyuma ya pazia? Nitasema ni desturi ya Kikenya. Kwetu msichana hapigi ala mbele ya wakubwa bila pazia, ni heshima. Mwalimu Lin hajawahi kufika Kenya. Atajuaje?

Si udanganyifu. Wimbo naujua. Ningeweza kuupiga hivyo hivyo kama watu wote wangekuwa na shughuli kwingine.

Nilimwambia Baba nahitaji spika ndogo kwa mambo ya shule. Aliipata Batha alipompeleka bosi wake sokoni. Spika ina umbo la kopo la soda na inatoa sauti kama ina watu ndani. Jioni nikaijaribu. Mama jikoni, mimi chumbani, mlango umefungwa. Nikabonyeza. Wimbo haujafika hata katikati nikasikia sufuria zimenyamaza. Mama akaniita. Nikazima nikatoka. Amesimama na unga mpaka kwenye kiwiko, akasema alijua nitaweza, alijua tu, hajui kwa nini najificha na Mungu amenipa mikono ile. Kisha akaamua kupika chapati siku ya katikati ya wiki.

Nilijisikia vibaya. Nilikula nyingi mpaka hisia ikapita.

Jumatano, 14 Septemba. Barabarani.

Naandika kiti cha nyuma, mwandiko utanisamehe.

Tumeondoka Riyadh alfajiri. Bosi wa Baba amemwazima gari la viti vingi kwa sababu ya sikukuu. Mbele Baba na Mama, katikati Maryann na mama yake, nyuma mimi na mizigo na sheng. Hatujapita hata kituo cha kwanza cha mafuta, Maryann akageuka kuniomba sheng ili tufanye mazoezi pamoja. Pamoja! Nikasema iko chini ya mizigo yote, haifikiki. Haikuwa chini ya mizigo yote. Nikaiweka haraka kwenye kile kishubaka cha nyuma ya kiti, chini ya kioo, nikaifunika kwa abaya ya Mama.

Mchana tukasimama kwenye kituo kula. Mgahawa una eisi kali na wali wa nyama, Baba akala kama anahama nchi. Akasinzia pale pale kwenye kiti. Hakuna aliyemwamsha kwa sababu ndiye dereva. Gari limesimama nje juani, madirisha yamefungwa. Maryann aliuliza mara mbili kama sheng iko salama na joto lile. Nikamwambia yeye ashughulike na wali wake.

Tuliporudi, Baba akafungua mlango akanusa. Akauliza nani amebeba mishumaa.

Nikajifanya natafuta mkanda wa kiti. Gari lilipoondoka nikaingiza mkono chini ya abaya. Abaya nyeusi, chini ya kioo, jua la mchana. Bakuli lilikuwa la moto kama birika. Nikachungulia penye mianzi. Nta ile inayoshikiza vibati imelia, imeteremka, imekauka vibaya.

Nikasubiri watu wa mbele waanze kubishana kuhusu njia, maana Baba lazima akamate ile ya kuzunguka, sisi Wakristo haturuhusiwi kupitia Makka. Walipopamba moto nikapuliza kidogo. Mwanzi mmoja ukaimba. Wa pili ukakohoa. Wa tatu, mafi. Hakuna. Nikajaribu mingine. Ukoo wote uliojipanga kupigwa picha, na nusu yao ni marehemu.

Nimeua sheng ya Mwalimu Lin.

Alhamisi, 15 Septemba. Bani Malik, Jeddah.

Jeddah joto lake ni la mvuke. Unatoka mlangoni na mtu anakuvika taulo lililoloa. Shangazi Selipher ametupokea kwa kelele na ugali. Ni dada mkubwa wa Baba, anauza vitenge, na hanong'oni hata akiwa peke yake. Aliniambia nimekonda, nimerefuka, na bado natazama sakafu kama nimeangusha riyali.

Nimefikiri usiku kucha na asubuhi yote. Kwanza nilifikiri nimekwisha. Halafu nikaanza kuona mwanga. Rekodi haihitaji sheng! Mimi nyuma ya pazia nitasikika safi. Maryann, mbele ya watu, kwenye sheng iliyokufa nusu, atasikika kama mbuzi wa bafuni. Aanze yeye, nifuate mimi. Nilivyoona jinsi mambo yalivyojipanga yenyewe, niliogopa akili yangu.

Tatizo ni Maryann. Hana adabu ya adui. Jana aliniachia godoro lililo karibu na eisi, akasema yeye hasikii joto. Anasikia! Amelala akipepea na kitabu cha nyimbo. Leo baada ya chai akaniuliza kama naogopa kesho. Nikasema siogopi. Akasema yeye anaogopa tangu Riyadh, kwa sababu anaitaka ile sheng kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, ila anaona aibu kuitaka wakati mwenzake naye anaitaka.

Hapo nilikaribia kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikavuta pumzi.

Kisha nikasema pitisha sukari.

Ijumaa, 16 Septemba. Bani Malik.

Naandika yote kama yalivyokuwa. Nimekaa kwenye ngazi kwa sababu ndani wananisemea vizuri na siwezi kuvumilia.

Mwalimu Lin alifika baada ya swala ya Ijumaa, na kipochi chake na mto wake wa mgongo. Ametukumbatia. Kwa kile Kiarabu chake cha sokoni akauliza nani anaanza. Nikamwonyesha Maryann kwa kidole. Maryann akasema hapana, Ivy aanze, akisubiri ataumwa na woga. Kila mtu akasema ni kweli. Wema wake utaniua!

Basi nikatangaza desturi. Nikasema kwetu Kenya msichana hupiga ala nyuma ya pazia. Nilikuwa naendelea vizuri mpaka Shangazi Selipher akauliza, kwa sauti ya kufika ghorofa zote, Kenya ipi hiyo. Akasema yeye amezaliwa huko, ameolewa huko, na kwenye harusi yake wasichana walicheza mpaka wakavunja benchi, pazia hakuliona. Baba akasema labda ni Kenya ya watoto wa siku hizi. Mwalimu Lin akatabasamu, akasema desturi ni desturi, aende.

Nikaenda. Spika chini ya mto, sheng magotini, simu mkononi. Nikabonyeza.

Mbona ilikuwa nzuri! Vumbi likanong'ona chini ya mlango. Nikasikia Shangazi Selipher akisema "heee" kwa sauti ndogo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Vumbi likapanda. Likafika katikati. Nikafumba macho. Nikajiona narudi Riyadh na sheng mapajani, Maryann kiti cha nyuma na mizigo.

Hapo sheng ikakatika, ikatoa mkwaruzo wa vidole vyangu vya Aprili, na nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Mwalimu Lin.

Alisema: "La, la, Ivy. Ziba tundu, usilinyonge. Shwayya shwayya, polepole."

Ikafuata sauti yangu: "Samahani, Mwalimu."

Ikafuata sauti ya Mama, mbali, kutoka Aprili, ikiuliza nani amemaliza maziwa.

Chapati! Zile chapati ndizo zilizonizuia kusikiliza rekodi mpaka mwisho! Nilibonyeza kuzima, vidole vikateleza kwa jasho, sauti ikapanda. Baba ndiye aliyeanza kucheka. Shangazi akafuata na hakuweza kusimama. Mama hakucheka. Hilo ndilo lililouma.

Mwalimu Lin akafungua pazia mwenyewe, taratibu. Akaniomba nipige sasa, mimi. Nikasema haiwezi, imeharibika. Akauliza imeharibikaje. Nikatazama sakafu. Macho yote yapo juu yangu, yote yale niliyoyahesabu nikiwa Riyadh. Na hapo Maryann akasema, kwa upole wote duniani, wamwache jamani, ana aibu.

Ana aibu!

Sijui nini kilinipanda. Kunidhihaki sawa. Kunicheka sawa. Lakini kunihurumia, yeye! Nikasimama. Nikatoka nyuma ya pazia mpaka katikati ya sebule, nikawageukia uso kwa uso, nikaweka sheng mdomoni. Nikaona macho yao nikashtuka, nikavuta pumzi ghafla kama kawaida yangu. Na sheng ikaimba ile pumzi. Pale pale. Mwanzo wa wimbo ukaanza kwa woga wangu mwenyewe.

Nikaendelea. Nikawatazama kwa hasira, mmoja mmoja, nikapiga. Penye mwanzi mzima sauti ilitoka. Penye mwanzi uliokufa ilikuwa shimo. Nikaruka shimo, nikaendelea. Katikati mashimo yakazidi, na nilipofika pale nilipokuwa nikipotelea, Maryann akaanza kuimba zile sauti zilizokosekana. Alikuwa amekaa tu kwenye zulia, macho amefumba, anaziba mashimo yangu moja baada ya jingine. Nani alimwomba? Nilimkazia macho. Hakuyaona. Nikaongeza mwendo nimwache nyuma. Akanifuata. Tukapangusa meza pamoja, tukanyamaza pamoja.

Nimepiga mbele ya watu. Mwanzo hadi mwisho. Andika hilo popote.

Mama alikuwa analia na Shangazi anapiga vigelegele. Mwalimu Lin akaichukua sheng. Akachomoa mianzi mmoja mmoja, akaipanga juu ya leso, akaitazama nta. Akasema maneno mawili: gari, jua. Kisha akaniuliza kama nilijua tangu juzi. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Akaenda jikoni, akapasha sindano kwenye jiko la Shangazi, akarudishia nta kwenye kila kibati, tone kwa tone. Akipuliza, akikwangua, akiongeza. Chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena. Nilishika taa ya simu nimmulikie. Mkono wake hautetemeki hata kidogo. Vibati vile ni vyembamba kama ukucha wa mtoto, na kila kimoja alikirudishia sauti yake kwa kukisikiliza tu. Nilisahau kuwa nina kesi.

Akampa Maryann apige. Maryann akapiga. Safi. Hakukosea popote.

Mwalimu akampa sheng.

Niliuliza kwa nini. Mimi! Niliuliza kwa sauti, mbele ya watu! Nikasema mimi nimepiga kwenye sheng mbovu, ni kazi ngumu zaidi. Akakubali. Akasema leo nimepiga kwa moyo ambao hakuwahi kuniona nao. Ila ala hii anampa mtu atakayesema ikiumwa.

Maryann alilia kuliko mimi. Sikumpa leso.

Jumapili, 18 Septemba. Suwaidi, Riyadh.

Tumerudi. Shule imefunguliwa. Mwalimu wa Kiarabu ameniuliza swali nikavuta pumzi, haikuimba, nikakumbuka yote.

Nimepitia mambo kwa utulivu ili nijue kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Rekodi ilipaswa kukatwa ile sehemu ya maneno. Kuna programu ya simu inayokata, binti wa Wamisri anayo. Kosa la pili ni kula kabla ya kumaliza kusikiliza. Kwingine kote mpango ulikuwa imara. Mama ananiambia nifikirie tena. Nimefikiria tena. Imara.

Alasiri mlango ukabishwa. Maryann, na kasha. Akasema kupiga peke yake ghorofa ya nne hakuna raha, kumekuwa kimya mno, hata tundu la bafuni halisemi kitu. Halafu wiki hii nzima anakwenda Batha na mama yake kila jioni, na Mwalimu alisema ala isiyopuliziwa hufa. Kwa hiyo angependa ikae kwangu mpaka Ijumaa. Akaniwekea mikononi. Hakuuliza nitaiweka wapi. Hakuuliza chochote. Akasema ananiamini, akashuka ngazi akiimba, akamsalimu haris.

Nimekaa nayo kitandani. Imepona kabisa. Nimepiga "Vumbi la Saa Kumi", mlango wazi, Mama akipita na kurudi makusudi. Kisha nikaanza kutafakari, na kadiri ninavyotafakari ndivyo ninavyoshangaa. Sheng ya thamani hii! Siku mbili tu tangu akabidhiwe! Na ameshaiacha kwa mtu aliyewahi kuificha, akaiyeyusha, akanyamaza, akadanganya nyumba nzima kwa spika!

Kesho nikitoka shule nampigia Mwalimu Lin. Hajaondoka bado, anaweza kubadili uamuzi. Itabidi nimweleze ukweli, kwa uchungu lakini kwa uwazi: Maryann si mtu wa kukabidhiwa ala. Anaigawa ovyo. Amemwachia msichana ambaye hafai kuaminiwa hata dakika moja, na ushahidi ninao mapajani.